Kupe na Mbung'o si Ndugu

Mtu akiulizwa kupe ni nini, hujibu upesi kwamba ni mdudu. Akiulizwa mbung'o, hujibu vivyo hivyo. Neno hili kwetu ni kapu kubwa, humo twatia siafu, nge, jongoo na chawa. Barazani halina dhara, lakini mwenye ng'ombe yampasa kupambanua. Kupe na mbung'o wote hunyonya damu, na wote huambukiza maradhi, walakini si wa jamii moja.

Wenye elimu ya wanyama hawatazami ukubwa wa kiumbe wala mahali akaapo, bali viungo vyake. Mbung'o ana miguu sita, mabawa mawili na vipapasio kichwani, na mwili wake una sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Huyo ni mdudu hasa. Kupe hana bawa wala kipapasio, mwili wake ni kama mfuko mmoja, na akiwa mpevu ana miguu minane. Jamaa zake ni buibui na nge.

Tusiwacheke wazee kwa kuwachanganya. Linnaeus, mtaalamu mkuu wa Sweden, katika chapa ya kitabu chake ya mwaka 1758, aliweka kupe, buibui na nge, hata kaa, katika fungu la wadudu. Mwaka 1801 Lamarck, Mfaransa, aliwaweka buibui na jamaa zao katika fungu lao wenyewe.

Mwalimu mmoja alitujia na kupe wadogo mno ndani ya kibiriti, akasema tumekosea, maana amehesabu miguu sita. Hesabu yake ilikuwa sawa. Kupe atokaye yaini huwa na miguu sita. Akisha kunyonya damu na kujivua ngozi, ndipo apatapo minane.

Na hapo ndipo lilipo jambo kubwa kwa mfugaji. Kupe wa masikio, wa rangi ya kahawia, aletaye ndigana kali, hupanda mnyama mara tatu maishani mwake, na kila mara akishiba huanguka chini. Atokapo yaini hana ugonjwa huo. Huupata kwa ng'ombe mgonjwa, hujivua, kisha humwambukiza mwingine. Kwa kuwa hana mabawa, hupanda ncha ya jani akanyosha miguu ya mbele, akingoja mnyama apite. Akisha kumpata, hukaa naye siku kadhaa, na josho humkuta papo hapo.

Mbung'o hunywa kwa dakika chache, akaruka kwenda kivulini. Hatagi mayai, bali huzaa buu mmoja mmoja, naye hujifukia udongoni. Ziko dawa za josho ziuazo wote wawili, na ziko nyingine ziuazo kupe tu, mbung'o zisimdhuru. Mtu aweza kuogesha ng'ombe wake kila juma, na bado wakafa kwa nagana. Basi kabla ya kuwapeleka joshoni, amwulize bwana mifugo ni dawa gani iliyomo.