BIMA YA KARAKANA HULIPA KILICHOANDIKWA



Vikundi vingi vya kujisaidia siku hizi vina karakana ya vyuma. Wanachama hutengeneza mageti, madirisha, mikokoteni na majiko. Mashine zimenunuliwa kwa akiba ya miaka mingi, au kwa mkopo. Tukumbuke jambo moja: karakana ikiungua, mkopo hauungui.

Wengine hutuambia, "Sisi tumeshakata bima, hatuna wasiwasi." Lakini je, mmeisoma hati yenyewe? Bima inafanana na mchango wetu wa kusaidiana: wengi hutoa kidogo kidogo, na aliyepatwa na hasara hulipwa. Tofauti ni hii. Katika harambee watu huangalia msiba. Kampuni ya bima huangalia karatasi. Kwa hivyo tujiulize maswali manne.

1. Tumeandika thamani gani?

Tuchukue mfano. Kikundi kina vifaa vya shilingi 400,000. Ili ada ya bima iwe ndogo, kinaandika 200,000. Moto unatokea na kuharibu vifaa vya 100,000. Wanachama wanasema, "Hasara ni 100,000 na bima yetu ni 200,000, basi tutalipwa yote." La! Kampuni itasema: mliweka bima kwa nusu ya mali, nasi twalipa nusu ya hasara. Watapata 50,000, na hata hapo kampuni huweza kukata ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo hati inasema mwenye mali ataibeba mwenyewe.

Andikeni kila kitu: mashine ya kuchomelea, grainda, drili, kompresa, mitungi ya gesi, vyuma vilivyo stoo. Ulizeni pia kama mtalipwa bei ya mashine mpya, au kampuni itapunguza kwa sababu ya uchakavu. Orodha na risiti zisikae karakanani. Zikiungua pamoja na mashine mtaonyesha nini?

2. Ni hasara ya aina gani?

Bima ya moto hulipa moto na radi, hata kama moto umetoka kwa jirani. Hili si dogo. Mnamo Juni 2018 moto ulipita katika soko la Gikomba, Nairobi, ukaua watu wasiopungua 15 na kuteketeza mali ya wafanyabiashara wengi. Wengi wa hao hawakuuwasha.

Lakini bima ya moto si bima ya wizi. Ile ya wizi huchukuliwa mbali, na kwa kawaida hudai alama za kuvunja mlango au dirisha. Mtu mwenye ufunguo akifungua na kubeba grainda, huenda msilipwe. Vilevile stima ikipotea kisha irudi kwa nguvu na kuunguza mota, bima ya moto kwa kawaida hailipi mota hiyo. Hapo panatakiwa bima ya kuharibika kwa mashine.

3. Ni mali ya nani?

Geti la mteja linalongoja kurekebishwa si mali ya kikundi. Kama hati haisemi kwamba mali ya wateja imo, haimo. Mwambieni wakala mapema. Mwelezeni pia kazi yenu kwa ukweli: mnatumia gesi, mko karibu na duka la mbao, mnafanya kazi usiku. Ukificha jambo kwenye fomu, kampuni inaweza kukataa kulipa.

4. Mtu akiumia je?

Bima ya moto hailipi kidole wala jicho. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kuhusu fidia kwa wanaoumia kazini inamtaka kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Wengi hawajui kwamba kijana anayejifunza kazi kwa mkataba naye amo katika sheria hiyo. Msiseme, "Huyu ni mwanafunzi tu." Ajali ikitokea, mwajiri akishaarifiwa ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini.

Wanachama wanaofanya kazi bila mshahara huenda wasihesabiwe kuwa wafanyakazi. Kwao, ulizeni bima ya ajali ya mtu binafsi. Na kuna watu wa nje: fundi ameenda kuchomelea mlango nyumbani kwa mteja, cheche zikaangukia nyasi kavu, zizi likaungua. Hiyo ni bima nyingine, ya madhara kwa watu wa nje. Kampuni nyingi huweka masharti hapa: vitu vinavyowaka viondolewe, kizima moto kiwe karibu, na mtu abaki akichunga baada ya kazi. Msipoyafuata, fidia iko hatarini.

Hasara ikishatokea

- Arifuni kampuni mara moja, na kwa maandishi.
- Ripotini kwa polisi wizi au moto, mchukue namba ya OB.
- Pigeni picha. Msitupe vitu vilivyoharibika kabla mkaguzi hajafika.

Kabla ya kulipa ada, hakikisheni kampuni na wakala wana leseni ya Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA. Huko ndiko pia kwa kupeleka malalamiko. Daini risiti ya kampuni yenyewe, kwa maana bima haianzi mpaka ada ilipwe.

Pesa zikiwa hazitoshi kwa bima zote, anzeni na ile ya wafanyakazi inayotakiwa na sheria, kisha ya moto kwa thamani kamili. Katika mkutano ujao, katibu alete hati, isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote. Pale msipoelewa, wekeni alama, mkamuulize wakala. Kumuuliza leo ni bure. Kumuuliza baada ya moto ni ghali.