Gari la marehemu baba ghalani: Tulirudishe lilivyokuwa au tulibadilishe?

JE, msomaji, umewahi kufungua mlango wa ghala huko mashambani ukakuta gari lililolala humo zaidi ya miaka 20, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma na vumbi limejaa hadi hutambui rangi yake? Kama hujawahi, huenda zamu yako iko njiani. Jamii nyingi za mijini zina gari la namna hiyo nyumbani. Mzee alilinunua akiwa na nguvu zake, likamtumikia, likaharibika kitu kidogo, pesa za vipuri zikakosekana, nalo likasukumwa ghalani "kwa muda". Mzee anapoaga dunia ndipo watoto wanapokumbuka kuwa kuna gari, na ubishi huanzia hapo. Tulirudishe lilivyokuwa, au tulibadilishe liwe la kisasa?

Kwetu Kinangop ubishi huo ulianza siku chache tu baada ya kumzika baba. Gari lenyewe ni Peugeot 404 nyeupe, lenye namba ya zamani isiyokuwa na herufi mwishoni, maana lilisajiliwa kabla ya mtindo wa KAA kuanza mwaka wa 1989. Liliingia ghalani wakati wa mvua za El Nino mwishoni mwa 1997, barabara yetu ilipogeuka mto wa matope, na halikutoka tena. Wakati huo nilikuwa darasa la pili.

Kaka yangu mkubwa, ambaye hukodisha magari ya arusi jijini Nairobi, alilizunguka mara mbili na papo hapo akatoa uamuzi. Paa likatwe, injini ing'olewe na mahali pake iwekwe ya Toyota, rimu pana zifungwe, kisha gari lipakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Mimi nami, kwa kusoma majarida mengi ya magari, nilitaka kila skrubu irudi kama ilivyotoka Ufaransa. Dada yetu, ambaye ndiye aliyekuwa akihangaika na deni la hospitali aliloacha baba, alituuliza swali moja tu: wanunuzi wa vyuma vikuukuu hulipa pesa ngapi kwa kilo? Mama alikuwa jikoni. Hakuna aliyemuuliza neno.

Kabla sijakueleza tulivyoendelea, hebu tuelewane kuhusu gari lenyewe, kwani vijana wengi wa leo hulijua kwa jina tu. Peugeot 404 ilianza kuuzwa mwaka wa 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Injini yake ya sentimita 1,618 za ujazo imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti isiinuke sana, na fimbo ya gia iko kwenye usukani, jambo ambalo humduwaza dereva aliyejifunza juzi. Lakini wazee wetu hawakulipendea umbo. Walilipendea Safari Rally. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza mashindano hayo na 7 peke yake yakamaliza, mbele yao ikiwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka wa 1966 na 1967 zamu ikawa ya Bert Shankland wa Tanzania akiwa na Chris Rothwell, katika 404. Mwaka wa 1968 Nowicki na Cliff wakarudi kuchukua ushindi, na kwa mara nyingine magari 7 tu ndiyo yaliyofika. Mkulima aliyekuwa akiwaza jinsi ya kufikisha viazi Naivasha wakati wa masika hakuhitaji tangazo jingine.

Nayataja haya kwa sababu gari la aina hii likishakatwa, huendi kuagiza jingine. Sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita umri wa miaka minane. 404 zilizobaki ni hizi zilizomo nchini, na nyingi zimo katika maghala kama letu.

Basi tukamwita mzee mmoja fundi kutoka Naivasha, ambaye amefungua magari ya Peugeot tangu ujana wake. Alimkuta kaka amekwisha kuleta betri mpya tayari kuwasha. Mzee alimshika mkono. "Kijana, ukiliwasha leo utalimaliza," akamwambia. Ukweli ni kwamba petroli ikikaa miaka mingi hugeuka kama gundi ndani ya tangi na kabureta, pistoni hushikana na kuta za silinda, na panya hutafuna ngozi ya nyaya hadi cheche moja inatosha kuteketeza ghala zima. Kwanza piga picha gari lilivyo, kila pembe, hata uchafu wake. Kisha toa plagi, tia oili kidogo katika kila silinda, uache siku kadhaa, halafu uizungushe injini kwa mkono bila kutumia nguvu ya betri. 404 ina tundu la hendeli kwa kazi hiyo. Mafuta ya breki yabadilishwe yote. Tairi zisikudanganye kwa meno yake. Mpira wa miaka hiyo hupasuka hata kama haujalika.

Tulidhani mzee ataenda moja kwa moja kwenye injini. La hasha. Alipiga magoti, akachukua bisibisi na kuanza kugonga chini ya milango, pole pole, huku akisikiliza. Upande wa kulia mlio ulikuwa mkali. Upande wa kushoto bisibisi ilizama.

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo majarida yangu yote hayakuwa yamenifundisha vizuri. Land Rover ya zamani ina chesisi chini na bodi juu, hivi kwamba unaweza kuivua bodi yote gari likabaki na mifupa yake. 404 haina chesisi ya namna hiyo. Bodi ndiyo mifupa. Sakafu, zile kingo zilizo chini ya milango, nguzo za milango na paa hushikana pamoja kubeba uzito. Kutu ikiingia kwenye kingo hizo, gari limevunjika uti wa mgongo hata kama rangi inang'aa.

Kaka alijitetea kwamba Peugeot wenyewe walitengeneza 404 isiyo na paa. Ni kweli, waliitengeneza, na Pininfarina ndiye aliyeunda bodi zake. Lakini gari lile liliimarishwa chini tangu mwanzo kwa kuwa halingekuwa na paa. Wewe ukichukua msumeno ukakata letu, mzee alimwambia, siku moja utapita kwenye tuta ukiwa na bwana na bibi arusi nyuma, na milango haitakubali kufungwa tena. Kaka hakulitaja tena suala la paa.

Suala la injini lilichukua muda zaidi, na katika hili siwezi kumlaumu kaka. Vipuri vya Toyota utavipata Kirinyaga Road kabla ya chakula cha mchana. Vya 404 utavingoja. Shida ni kwamba injini haibadilishwi peke yake. Katika 404 shafti inayopeleka nguvu nyuma imefungiwa ndani ya bomba lililoungana na difu, kwa hivyo ukiitoa injini unavuta giaboksi, na giaboksi inavuta shafti, na kabla hujajua umebakiza milango na nembo ya simba. Isitoshe, 404 za mwanzo zina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Ukiweka injini yenye nguvu zaidi, utasimama na nini? Na nambari ya injini imeandikwa katika kitabu cha umiliki; ukiibadilisha huna budi kuijulisha mamlaka ya uchukuzi, gari likaguliwe, na kampuni ya bima pia ielezwe. Wengi hawafanyi hivyo, na hugundua kosa lao siku ya ajali.

Sasa usidhani mimi nilitoka na ushindi. Nilipoomba makadirio ya rangi na kromu peke yake, niliikunja ile karatasi nikaitia mfukoni, na hadi leo sijamwonyesha mtu. Tena kuna jambo jingine. Mwaka wa 2014 huko Ufaransa, katika shamba moja, yalipatikana magari ya zamani yapatayo 60 yaliyokuwa yameachwa miaka mingi kwenye mabanda. Yalipouzwa mnada Paris mwaka wa 2015, Ferrari moja ilinunuliwa kwa zaidi ya Euro milioni 16, na ilipelekwa mnadani ikiwa na vumbi lake. (Usikimbilie ghalani, msomaji, 404 ya babu yako si Ferrari.) Wanunuzi wale walijua kwamba rangi mpya unaweza kuipaka wakati wowote, lakini rangi ya kwanza ukiikwangua haina kurudi.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye mstari. Wengi hubishana kati ya uzamani na usasa, ilhali ingefaa kutenga mabadiliko yanayoweza kufunguliwa kwa spana na yale yasiyoweza. Mikanda ya usalama, tairi bora, taa zenye mwanga zaidi, alteneta badala ya dainamo, feni ya umeme ya kupoza radieta: vyote hivyo vifunge, na vile vya zamani uvitie katika sanduku lenye jina. Mjukuu wako akitaka kuvirudisha, atavirudisha. Msumeno ndio usioguswa. Na wenye Morris Minor au Land Rover kuukuu zenye silinda hedi ya chuma wakumbuke kuwa petroli yenye risasi ilikwisha nchini kufikia mwanzo wa 2006. Hedi ikifunguliwa, fundi aulizwe kuhusu vikalio vya valvu.

Jambo moja lilikaribia kutuharibia yote, nalo halina uhusiano wowote na spana. Kitabu cha gari kilikuwa kwa jina la baba. Kaka alikuwa ametoa arbuni ya injini ya Toyota kabla hatujaenda mahakamani. Kisheria gari lile lilikuwa mali ya mirathi, na kabla ya msimamizi kuteuliwa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na haki ya kulikata, kuliuza wala kulitia rangi. Mama ndiye aliyepewa barua za usimamizi. Arbuni ya kaka haikurudi.

Basi siku moja tukiwa ghalani na mzee fundi, tukihesabu mahali pa kunyooshwa, mama alileta chai. Alisimama kando ya mlango wa nyuma wa kushoto, ambao una bonde kubwa, akauliza ni nani aliyesema unyooshwe. Tukamwambia ni kazi ndogo tu.

"Hilo ni lango letu," akasema. "Baba yenu aligonga nguzo usiku akinipeleka Naivasha kujifungua. Hakusimama kutazama." Kisha akanielekezea kikombe. "Mtoto mwenyewe ni wewe."

Miaka yote baba alituambia hakuwa na pesa za kulinyoosha.

Tulimwuliza mama, baada ya miezi minne ya ubishi, anataka gari lifanywe nini. Akasema anataka kupelekwa kanisani nalo kabla magoti yake hayajakataa kuingia. Hilo lilimaliza mambo mengi kwa mara moja: gari litembee, lisimame, lisiue mtu. Kaka atalikodisha kwa arusi likiwa na paa lake, na pesa za kwanza zitaenda kwa dada, kwenye lile deni la hospitali.

Ninapoandika haya injini inazunguka kwa mkono, kingo ya kushoto imechomelewa upya, na tunangojea silinda za breki. Rimu pana za kaka ziko chini ya kitanda chake na hajakata tamaa. Mzee fundi amegundua kwamba kutu imeanza ndani ya lile bonde la mlango. Amesema ataisugua kwa msasa wa mkono na kuipaka rangi bila kuligusa umbo lake, na mama amesema siku hiyo atakuwepo, aketi hapo hapo amwangalie.