Penye ujenzi wa barabara, mwendo kasi una adhabu mbili

Ukirudi nyumbani kwa njia ya Manyovu na Mugina, kuanzia Nyanza-Lac hadi Bujumbura utapita Barabara ya Taifa namba 3, inayofuata ziwa Tanganyika. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kukarabati kilomita 45 za barabara hiyo, kati ya Gitaza na Rumonge. Mradi huohuo ulihusu pia barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, upande wa Tanzania. Hivyo watu wa kambini na watu wa Buyenzi wamekionyeshwa kibao kilekile: pembetatu yenye mtu anayechimba kwa beleshi.

Je, dereva asiyejali kibao hicho anapata adhabu gani?

Adhabu ya kwanza ni ya polisi. Burundi ina Sheria ya Usalama Barabarani ya tarehe 23 Novemba 2012, na anayezidisha mwendo hutozwa faini. Tanzania nako kuna faini ya papo kwa papo kwa kosa. Majimbo mengi ya Marekani huiongeza mara mbili penye mafundi kazini. Akiua mtu, hiyo si faini tena, ni kesi ya mahakamani.

Adhabu ya pili ndiyo inayotuhusu sisi wa afya, na mara nyingi haimpati dereva. Inampata kibarua mwenye beleshi, mama aliyebeba ndizi kichwani, au mtoto wa shule anayetembea katikati ya njia kwa sababu ukingo umejaa kifusi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia ya mwaka 2004 ilieleza kwamba mtembea kwa miguu akigongwa na gari la kilomita 30 kwa saa au chini yake, ana nafasi ya kupona 90 kwa 100. Kuanzia kilomita 45, nafasi hiyo ni chini ya 50.

Fikiria hivi. Gari la kilomita 60 kwa saa hukimbia karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akiduwaa sekunde moja tu, mita 17 zimepita kabla mguu haujagusa breki. Kwenye kokoto na vumbi, gari huteleza zaidi. Tena madereva wengi huongeza mwendo hapo hapo ili kufidia muda waliosimamishwa na mshika bendera!

Wewe abiria una mdomo. Mwambie dereva apunguze mwendo, hata kama wenzako kwenye Hiace watakucheka. Mwenye baiskeli, usishike lori kwa nyuma, kama wafanyavyo vijana kwenye miinuko ya barabara ya Bugarama. Ukitembea, tembea ukiyatazama magari yanayokuja, na usiku vaa nguo nyeupe.

Mtu akigongwa, kwanza simamisheni magari mengine pande zote mbili. Damu ikitoka, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia. Usimpe maji wala chakula. Usimvute kwa mikono wala kumkalisha, maana uti wa mgongo huenda umevunjika. Ikibidi kumhamisha, watu wanne wamlaze juu ya ubao au mlango, kichwa kikishikwa kisiyumbe, kisha apelekwe kituo cha afya kilicho karibu.