Laki na Nusu ya Nairobi Inaishia Wapi?

Kenya, mtu anayelipwa shilingi 150,000 kwa mwezi huhesabiwa kuwa amefika. Takwimu zinaunga mkono hesabu hiyo. Zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wanaofanya kazi wako katika sekta isiyo rasmi, ambako wengi hawana mkataba wala akiba ya uzeeni, na hata miongoni mwa walioajiriwa rasmi, wanaovuka laki moja ni wachache. Kwao kijijini, huyu ndiye anayepigiwa simu ya kwanza mgonjwa anapolazwa au karo inapokosekana. Ukimuuliza kama yeye ni tajiri, atakana, na wanaomsikiliza watadhani anaficha asije akaombwa. Mimi naamini hafichi. Mshahara wake ni mkubwa kweli ukiuweka kando ya mishahara ya wenzake, lakini umeacha kufanya ile kazi ambayo watu walitarajia mshahara mkubwa uifanye, yaani kumwachia mtu kitu. Tena kupanda kwa bei ni sehemu tu ya maelezo. Sehemu nyingine, ambayo haizungumzwi vya kutosha, ni kwamba mtu huyu anakatwa pesa kwa ajili ya huduma fulani, kisha anatoka kwenda kuzinunua upya sokoni kwa zile zilizobaki.

Tuanze na hati yake ya mshahara, maana ndipo hesabu inapoanzia. Kwa viwango vya mwaka 2025, katika shilingi 150,000 kulikuwa na makato ya mfuko wa uzeeni wa NSSF ya shilingi 4,320. Bima ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF kuanzia Oktoba 2024, inachukua asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo, kwa hiyo yeye hukatwa 4,125. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, nao ni 2,250. Makato hayo matatu hutolewa kwanza, ndipo kodi ya mapato inapopigiwa hesabu, na baada ya kuondoa nafuu ya shilingi 2,400 ambayo kila mlipakodi hupewa kwa mwezi, kodi inafika karibu shilingi 34,200. Kinachoingia benki ni kama 105,100. Sasa turudi mwaka 2021. Mtu wa mshahara huo huo alikatwa shilingi 200 za NSSF, 1,700 za NHIF, na kodi ya karibu 37,300, akapeleka nyumbani kama 110,800. Kwa maneno mengine, aliyeandikiwa 150,000 mwaka 2021 na akaandikiwa 150,000 mwaka 2025 alipungukiwa na zaidi ya shilingi 5,600 kila mwezi, ingawa mwajiri hakumpunguzia hata senti.

Kuna atakayesema kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo ni NSSF, na NSSF ni pesa yake mwenyewe, tena mwajiri anaiongezea kiasi kama hicho. Ni kweli, na hoja hiyo haifai kupuuzwa. Kwa miaka mingi Mkenya alistaafu na kiinua mgongo kidogo mno kwa sababu mchango wa shilingi 200 haukuweza kumjengea kitu, kwa hiyo kuongeza mchango kulikuwa jambo la haki. Hata hivyo, pesa ya uzeeni hailipi karo ya muhula huu wala haimtoi mtu mikononi mwa wenye mikopo ya simu. Ni mali ambayo hawezi kuigusa kwa miaka mingi, ilhali shida anazozitatua zina tarehe ya wiki hii.

Baada ya makato huja bei. Mfumuko wa bei nchini Kenya ulikuwa wastani wa asilimia 7.7 mwaka 2022, ukawa 7.7 tena mwaka 2023, kisha ukashuka hadi kama 4.5 mwaka 2024. Serikali imejivunia kushuka huko, na kuna sababu ya kujivunia, kwa kuwa nchi nyingine hazikufanikiwa hivyo. Lakini wengi husikia kwamba mfumuko umeshuka wakadhani bei zimeshuka, na hapo ndipo mwananchi anapohisi anadanganywa. Mfumuko ukishuka, bei zinaendelea kupanda, ila polepole. Kupanda kwa 2023 kulijengwa juu ya kupanda kwa 2022, na kwa 2024 kukajengwa juu ya vyote viwili, hivi kwamba kapu la bidhaa lililonunuliwa kwa shilingi 100 mwaka 2021 lilihitaji kama shilingi 121 mwaka 2024. Ili mtu aliyepeleka nyumbani 110,800 aendelee kuishi vile vile, alipaswa kupeleka kama 134,000. Ikiwa mshahara wake haukuguswa, pengo ni karibu shilingi 29,000 kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya nyumba nzuri ya vyumba viwili katika mitaa mingi ya Nairobi. Na wastani huo unaficha vitu vinavyouma zaidi. Katikati ya mwaka 2022 pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Kodi ya VAT kwa mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na ilipofika Oktoba mwaka huo lita ya petroli Nairobi iliuzwa zaidi ya shilingi 217. Mafuta yalishuka baadaye, lakini nauli zilizopanda nayo hazikurudi zilipokuwa.

Mishahara nayo haikukimbia kwa mwendo huo. Taarifa za Shirika la Takwimu la Kenya zilionyesha kwa miaka kadhaa mfululizo, hadi 2023, kwamba wastani wa mshahara ukiondoa athari ya bei ulikuwa ukipungua. Kuna jambo lingine ambalo halionekani kwa urahisi. Viwango vya kodi ya mapato kwa walio wengi vilivyowekwa Januari 2021 vilikuwa vile vile hata mwaka 2025: shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, na kila shilingi inayopita 32,333 hutozwa asilimia 30 hadi mtu afikie nusu milioni. Kama mipaka hiyo ingesogezwa kufuata bei, ile ya 32,333 ingekuwa imefika karibu 39,000 mwaka 2024. Haikusogezwa. Kwa hiyo mfanyakazi akiongezwa mshahara ili tu afidiwe kupanda kwa maisha, nyongeza hiyo hukatwa asilimia 30 kana kwamba ni faida mpya, na serikali hupata kodi zaidi bila Bunge kupitisha kiwango kipya. Asilimia 30 nchini Kenya haikusubiri matajiri. Inamgusa mwalimu, muuguzi na karani.

Pamoja na haya yote, naamini mtu wa laki na nusu angeweza kupumua kama angekatwa mara moja tu. Tazama maji. Nairobi ina ratiba ya mgao, na zipo nyumba ambazo mifereji hutoa maji siku chache kwa wiki, nyingine hata siku hizo hazina. Mpangaji analipia bili ya maji ya kaunti. Mfereji ukikauka, mwenye nyumba anaita boza, lori linaegeshwa langoni, bomba linavutwa hadi kwenye tangi la chini, na gharama inagawanywa kwa wapangaji. Halafu kuna mtungi wa lita 20 wa maji ya kunywa, kwa sababu hakuna aliye na hakika na ya tangi. Ni malipo matatu kwa kitu kimoja. Usalama ni hivyo hivyo: kodi inalipia polisi, na mtaa unachangia mlinzi wa lango kila mwezi. Katika afya, mtu hukatwa asilimia 2.75, lakini hospitali binafsi zimewahi kusimamisha huduma kwa wanachama wa bima hiyo ya jamii zikidai malimbikizo ya madeni, hivyo anayeweza anashikilia bima ya pili, na asiyeweza huweka pesa kidogo mahali kwa ajili ya dharura, pesa ambayo haiwezi kugeuka mtaji kwa sababu lazima iwe tayari usiku wowote.

Shule ndipo panapomaliza watu. Sera imetaja shilingi 22,244 kwa mwaka kama fungu la serikali kwa kila mwanafunzi wa sekondari, na wakuu wa shule wamelalamika kwa muda mrefu kwamba pesa hizo huchelewa na hazifiki zote. Mzazi wa mtoto wa bweni katika shule za kitaifa za ngazi ya juu aliwekewa karo ya 53,554 kwa mwaka, juu yake sare, godoro, nauli na michango isiyoandikwa kwenye orodha rasmi. Mzazi wa shule ya msingi aliyeona darasa la umma lina watoto wengi kuliko madawati humhamishia mwanawe shule ya binafsi, na kuanzia hapo analipa kila muhula kwa huduma ambayo Katiba inaitaja kuwa haki. Tukijumlisha, sehemu kubwa ya zile 105,100 haiendi kwenye starehe. Inaziba mapengo ya kile ambacho makato ya 45,000 yalikusudiwa kukifanya.

Wapo wasiokubali. Wanasema tabaka la kati limejitakia: magari ya mkopo, mitaa ya fahari, sherehe za kila wikendi. Sitakana kwamba wapo wanaoishi zaidi ya kipato chao, na gari linalosimama kwenye foleni ya Thika Road kila asubuhi linameza pesa ambazo zingenunua kiwanja pole pole. Lakini tuulize kwa nini mtu alinunua gari. Usafiri wa umma wa Nairobi uko mikononi mwa matatu za watu binafsi, nauli hubadilika mvua ikinyesha, na anayemaliza kazi saa tatu za usiku hana basi la kaunti la kumrudisha. Aliyehamia mtaa wa ghali mara nyingi alifuata maji, usalama na shule iliyo karibu. Ukiondoa anasa zote, gharama hizo bado zipo. Nidhamu ya matumizi inaweza kumwokolea mtu elfu tano au kumi. Haiwezi kuziba 29,000.

Hoja nzito zaidi ni ya mama mboga. Anayeuza sukuma wiki pembeni mwa barabara atasoma makala haya na kuuliza kama kweli mtu wa laki na nusu anastahili kuhurumiwa. Swali lake ni la haki, na jibu ni kwamba mwenye shida zaidi ni yeye. Hana makato kwenye hati, lakini analipa VAT kwenye mafuta kama tajiri yeyote, na ndoo ya maji anayonunua mtaani humgharimu zaidi kwa lita kuliko bili ya mwenye mfereji. Ninachokataa ni kuwaweka wawili hawa kwenye mizani kana kwamba wanapokonyana. Mwenye mshahara akibanwa, anapunguza mboga, anachelewesha pesa za nyumbani, anaacha kumwajiri fundi. Kenya ambayo haina pensheni kubwa ya umma inategemea mishahara ya watu hawa kulea wazee na kusomesha wapwa. Pesa ikikauka kwa aliye juu kidogo, aliye chini huipata habari mwezi huo huo.

Kipimo ninachokiamini cha utajiri ni muda ambao mtu anaweza kuishi vile vile mshahara ukisimama. Kwa kipimo hicho, wengi wa wanaolipwa vizuri wako umbali wa miezi miwili au mitatu kutoka kwenye kuhama nyumba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato kupita theluthi mbili za mshahara, ili mfanyakazi abaki na theluthi moja mkononi. Kuwapo kwa wafanyakazi wa umma wanaogusa mpaka huo kwa sababu ya mikopo ya benki na sacco kunaonyesha mshahara umekuwa dhamana ya deni kuliko chanzo cha mali. Nyumba, ambayo kwingineko ndiyo mali ya kwanza ya mfanyakazi, hapa haipatikani kwa mshahara: nchi ya watu zaidi ya milioni 50 ina mikopo ya nyumba ya benki takriban 30,000 pekee. Walio wengi hujenga chumba kimoja kimoja kwa mkopo wa sacco, wakilipa kodi ya upangaji wakati huo huo.

Hakuna dawa moja, na ahadi ya kuongeza mishahara pekee haitafika mbali, kwa kuwa kila nyongeza hupitia mlango ule ule wa asilimia 30. Liko jambo moja lililo karibu na linalowezekana: mipaka ya kodi ya mapato iandikwe kisheria ifuate mfumuko wa bei kila mwaka, badala ya kungoja huruma ya waziri. Litaipunguzia Hazina mapato, sikatai. Lakini mapato hayo yalipatikana bila mjadala, na ni afadhali serikali iyaombe waziwazi ikieleza yatanunua nini. Kila mwaka Muswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kufikia mwisho wa Aprili, na kamati ya fedha hualika maoni ya wananchi kwa maandishi. Mwaka huu, kabla ya muda huo kufungwa, chukua hati yako ya mshahara ya 2021 na ya sasa, ziweke pamoja, andika tofauti yake kwa tarakimu, na uipeleke.