Sebule Moja, Kazi Sita

Nakuru ilipandishwa daraja kuwa jiji la nne la Kenya tarehe 1 Desemba 2021, na ukipita leo Kiamunyi, Naka au Section 58 utaona magorofa yakiendelea kuota kama uyoga. Humo wamo vijana wetu wengi wa pwani, waliopelekwa na ualimu, uuguzi, benki na biashara. Fleti wanazopangishwa zinafanana: mlango ukifunguliwa, sebule, meza ya chakula na meko vimo katika chumba kimoja kisicho ukuta wa kati, kisha ujia mfupi wa kwendea vyumba vya kulala. Chumba hicho kimoja hutakiwa kuwa pa kupikia, pa kulia, pa kupokelea wageni, pa kusomea watoto, pa kuswalia, na usiku pa kumlaza mgeni.

Wachoraji wa majengo wa leo huiona ramani hii kuwa ni uvumbuzi. Aliyelelewa Lamu hatashangaa. Nyumba kongwe za mawe za mji ule, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, zilikuwa na misana mirefu iliyofuatana, msana wa tini kisha msana wa yuu, ndipo ukafika ndani. Misana hiyo haikutengwa kwa milango ya mbao bali ilikuwa wazi, na pazia ndilo lililoamua nani aone nini na saa ngapi. Upana wake ulikadiriwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo chumba hakikuzidi mita tatu kwa upana. Na bado watu walioana humo, wakazaa, wakasomesha na kukirimu wageni. Vyombo vilipangwa katika zidaka ukutani, nguo sandukuni, na mkeka ukakunjwa asubuhi ili sakafu irudi kuwa sakafu.

Ama tofauti ni hii. Lamu, mgeni alianzia darakani, akapinda kona, akaingia kiwandani. Kadiri alivyokuwa wa karibu ndivyo alivyoruhusiwa kusogea. Katika fleti ya Nakuru jicho la mwenye kubisha hodi hufika mara moja kwenye meko, alipo mama wa nyumba.

Kijana mmoja mwalimu, mzaliwa wa Mvita, alinijia na swali hili. Kila wakija wenzake wa kiume, mkewe huingia chumbani akafunga mlango, na hukaa humo hata saa tatu, bila maji ya kunywa wala njia ya kwenda kumkorogea mtoto uji. Mume alikuwa akifikiri kuhamia nyumba kubwa zaidi, ingawa kodi yake ingemla nusu ya mshahara. Nilimwambia waziwazi kuwa mpango huo si sitara, ni kifungo, na kwamba dawa yake si kodi kubwa. Nikaomba kwenda kuiona nyumba yenyewe.

Sebule ilikuwa mita 4 kwa mita 4 na nusu. Ndani yake mlikuwa na makochi ya watu saba, meza ya kioo, na kabati la televisheni lililokula ukuta mzima. Tulipima kwa utepe: makochi peke yake yalishika takribani mita 5 za mraba, na pamoja na meza na kabati ikawa zaidi ya theluthi moja ya sakafu. Vyote vilinunuliwa kwa mkopo wakati wa harusi, na deni lilikuwa bado halijakwisha. Watu wanaokaa humo ni watatu.

Hapa nitaikumbusha hadithi iliyopokewa kwa Jabir katika Sahihi Muslim, inayohesabu malazi ya nyumba: la mume, la mke, la mgeni, na la nne likanasibishwa na shetani. Imamu Nawawi ameeleza kuwa kinachokusudiwa ni kile kinachozidi haja, kikawekwa kwa fahari. Sikumsomea yule kijana hadithi hiyo kwa kumtahayarisha, kwani si yeye aliyetaka makochi saba. Walitaka wakwe na majirani wa harusi.

Tulifanya mambo mawili tu. Kwanza, makochi mawili na meza ya kioo viliuzwa, na fedha ikaenda kwenye deni. Pili, fundi alifunga reli darini na kutundika pazia zito la pamba linalofika sakafuni. Ni mahali pa pazia panapohitaji akili. Watu wengi hulitia katikati ya chumba, wakapata vibanda viwili vyenye giza. Pazia lifuate njia ya mwenye nyumba: lianzie mdomoni mwa ujia wa vyumbani, lizunguke meko, ili mama aweze kutoka chumbani, kupika na kurudi bila kupita mbele ya wageni. Wasipokuwapo wageni, linavutwa kando na mwanga wa dirisha unafika kote. Kitambaa kiwe cha pamba, maana nailoni huyeyuka kwa moto, na kikae mbali na jiko la gesi. Mwenye nyumba aombwe ruhusa kabla ya kutoboa dari.

Wapo wanaouita mpango huu mtindo wa uchache, na wapo wanaouuza kwa bei ghali, na kochi moja jeupe likawa na thamani ya makochi saba. Huo nao ni ufakhari, umevaa kanzu nyingine tu. Wala sioni sababu ya kutupa sanduku la marehemu nyanya lenye kanga zake. Likae chini ya dirisha, liwe pia pa kukalia.

Baada ya kupunguza, sakafu ilitosha kuswali jamaa. Nakuru kibla ni kaskazini kwa kuelemea mashariki kidogo, na kwa kuwa Menengai iko kaskazini mwa jiji, aliyeko mjini aulekee mlima huo kisha avute kuume kidogo. Ni vyema ukuta wa upande huo usiwekwe televisheni.

Jambo ambalo mtu wa pwani hulisahau ni baridi. Nakuru iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mkeka wa miaa juu ya saruji hautamtosha mgeni aliyelazwa sebuleni. Liwekwe zulia moja nene linaloweza kukunjwa na kukung'utwa nje, kwani jina lenyewe la Nakuru latokana na neno la Kimaasai lihusulo vumbi, na vumbi hilo lipo. Wengine huingiza jiko la makaa ili wapate joto wakalala nalo. Hilo ni hatari ya mauti: makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Blanketi la pili ni rahisi kuliko mazishi.

Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja huteremka na kutanda sakafuni, pale pale alipolala mgeni, kwa kuwa hakuna ukuta wa kuizuia. Kwa hiyo kila usiku kokwa ya mtungi ifungwe pale mtungini, si kwenye kitufe cha jiko peke yake. Ikinukia, milango na madirisha yafunguliwe na asiguse mtu swichi ya taa. Mke wa yule mwalimu amefunga utepe mwekundu shingoni mwa mtungi wake, na mtoto wao wa miaka sita ndiye aliyepewa kazi ya kumkumbusha kila jioni.