Maafa: kudra ya Mungu au kazi ya mikono yetu?

Wahenga walisema ajali haina kinga. Wahenga hao hao wakasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kati ya methali hizi mbili ndipo watu wa dini zote wanapohangaika kila maafa yanapotokea: tunyamaze na kupokea, au tuulize?

Tuanze na maneno yenyewe. Balaa ni neno lililotoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni mtihani. Waislamu hufundishwa kwamba Mungu huwajaribu waja wake kwa hofu, njaa na kupotelewa na mali na watu, na kwamba wanaosubiri wana bishara njema. Waingereza na Wafaransa neno lao walilichukua kutoka Kiitaliano, na maana yake ni nyota mbaya. Sisi tuliosomea ukimbizini Tanzania tulisikia balaa na maafa shuleni, huku wazazi nyumbani wakisema ibiza na icyago. Katika imani ya kale ya kubandwa, moto wa Nyiragongo ulikuwa makazi ya wafu ambao hawakupata kuingizwa katika ibada ya Ryangombe. Mlima ulipowaka, wazee walijua wa kumfikiria.

Hata hivyo, dini hazikukubali kirahisi kwamba aliyeumia ndiye mkosefu. Rafiki zake Ayubu walimsisitizia kuwa ametenda dhambi, na mwishowe Mungu akawakemea wao. Katika Injili ya Luka, mnara wa Siloamu ulipoangukia watu 18, Yesu alikanusha kwamba walikuwa wabaya kuliko wenzao wa Yerusalemu.

Mjadala huo ulihamia kwa wanafalsafa baada ya tetemeko la Lisbon la Novemba 1, 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, lililowakuta wengi wakiwa kanisani. Voltaire alihoji wema uko wapi katika dunia ya namna hiyo. Mwaka 1756 Rousseau akamjibu kuwa si maumbile yaliyojenga pale nyumba 20,000 za ghorofa sita na saba. Wataalamu wa leo wanasema karibu hivyo hivyo: mvua, tetemeko na volkano ni hatari za asili, lakini hugeuka maafa zinapowakuta watu mahali pabaya, bila ya onyo wala kinga.

Ndugu msomaji, ushahidi uko mlangoni petu. Januari 17, 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Gisenyi. Mji ukajengwa tena juu ya lava ile ile. Mwaka 2020 ufadhili wa kituo cha kuchunguza volkano mjini humo ulikwisha, na kwa miezi kadhaa kikakosa intaneti ya kupokea taarifa za vipimo vilivyoko mlimani. Jioni ya Mei 22, 2021, mlima ukalipuka tena bila ya wananchi kuonywa.

Kwetu Rwanda, usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua iliua watu zaidi ya 130, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi. Mto Sebeya ulifurika hadi majumbani, na kwingine vilima viliporomoka juu ya watu waliolala.

Darasani wanafunzi huniuliza kama Mungu alikasirika. Siwezi kumsemea Mungu. Ninaloweza kuwaambia ni kwamba jibu hilo likitolewa haraka, hakuna atakayeuliza nani aliruhusu nyumba kando ya mto, nani alikata miti kilimani, na king'ora kilikuwa wapi.

Tena kuuliza si kukufuru. Mtume Muhammad alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Msimu wa mvua hurudi kila mwaka. Tuwaombee marehemu, lakini mitaro tuichimbe mapema, na wanaoishi kwenye miteremko wapewe pa kuhamia kabla ya wingu kutanda.