Bima ya Nyumba: Mambo 6 Yanayofanya Dai Lako Likataliwe

Umetoka kazini ukakuta kufuli limekatwa. TV imeenda, laptopu imeenda, hata mtungi wa gesi haupo. Unaripoti, unajaza fomu, unangoja wiki kadhaa, kisha barua inakuja: dai lako limekataliwa.

Mara nyingi sababu ilikuwepo kabla mwizi hajafika: jinsi ulivyolipa, ulivyojaza fomu na ushahidi uliohifadhi. Uwe mpangaji wa Free Area ama una nyumba yako Kiamunyi, mambo haya 6 unaweza kuyarekebisha leo, na mengine utayamaliza kwa simu yako.

1. Pesa haikufika kwa kampuni

Chini ya Sheria ya Bima ya Kenya, kampuni haibebi hatari yako kabla malipo hayajapokelewa ama kudhaminiwa. Ukimtumia ajenti pesa kwa namba yake binafsi naye akakaa nazo, utajikuta huna bima.

Lipa kwa Paybill ya kampuni yenyewe. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo, na pale penye namba ya akaunti andika namba ya mkataba wako. Usifute SMS ya malipo. Kama unalipa kidogo kidogo, weka kikumbusho kwenye simu, kwa sababu awamu moja ikipita bima inaweza kusimama. Jina la kampuni au ajenti lihakikishe kwenye orodha ya Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA.

2. Hasara yenyewe haimo kwenye mkataba

Bima ya nyumba huwa na sehemu tofauti: jengo, vitu vya ndani, na vitu unavyotembea navyo. Bima ya mwenye ploti hulinda jengo lake. Kochi na friji yako mpangaji hazimo, lazima uzikatie bima mwenyewe. Vilevile, simu ikinyakuliwa ukipanda matatu haitalipwa kama ulikatia vitu vya ndani pekee.

Sisi wa Bonde la Ufa tuna maswali mengine zaidi. Tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka kwa ghafla Mai Mahiu usiku, yakaua watu na kubeba nyumba. Huko Mwariki na Barut, maji ya Ziwa Nakuru yamekuwa yakipanda polepole mpaka watu wakahama, sawa na mtaa wa Kihoto kando ya Ziwa Naivasha. Na Machi 2018, ardhi ilipasuka na kukata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok.

Kwetu hayo yote ni majanga. Mkataba unaweza kulipa mafuriko ya ghafla, ukakataa maji yanayopanda pole pole, na ukakataa kabisa ardhi inayodidimia. Ghasia nazo zina kipengele chake: baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wengi waliochomewa mali waligundua kwamba bima ya moto waliyokuwa nayo haikugusa ghasia za kisiasa. Kabla ya kulipa, muulize ajenti: mafuriko yamo? Maji ya ziwa je? Nyufa za ardhi? Ghasia? Akisema "yamo", akuonyeshe ukurasa.

3. Ulitaja thamani ndogo ili ulipe kidogo

Tuseme vitu vyako vina thamani ya KSh 400,000, lakini uliandika KSh 200,000. Umekatia nusu. Ukiibiwa vitu vya KSh 80,000, kampuni inaweza kukulipa nusu, yaani KSh 40,000, kisha itoe na kile kiasi ambacho mkataba unasema utajibebea mwenyewe. Hesabu vitu chumba kwa chumba, ukianza na jikoni, na urekebishe jumla kila mwaka ama ukinunua kitu kikubwa.

4. Fomu inasema hivi, nyumba iko vile

Umeandika nyumba ni ya kuishi, kumbe sebuleni unasuka nywele za wateja ama unauza gesi. Umeandika madirisha yana vyuma, kumbe la jikoni halina. Kampuni ikigundua ilifichwa jambo la maana, inaweza kukataa dai lote. Ukianza biashara nyumbani ama ukihama, wajulishe kwa maandishi.

Angalia pia kipengele cha nyumba kukaa tupu. Mikataba mingi huweka kikomo cha siku, mara nyingi 30. Ukifunga nyumba Desemba kwenda ushago na ukakaa mpaka mwisho wa Januari, unaweza kuwa umevuka. Na kwa wizi, mingi hutaka alama za kuvunja. Mlango ukiachwa wazi, dai lina shida.

5. Huna ushahidi

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kampuni itauliza: una uhakika gani ulikuwa na TV hiyo?

Piga picha za kila chumba na namba zilizo nyuma ya vifaa. Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI ya simu, uiandike mahali pengine. Risiti ya karatasi hufifia, ipige picha siku hiyo hiyo. Ulilipa kwa simu? Taarifa ya akaunti yako inaonyesha tarehe, kiasi na duka ulilolipa, kwa hivyo itasaidia hata kama risiti imepotea. Vyote jitumie kwa barua pepe, maana simu yenyewe inaweza kuwa kati ya vitu vilivyoibwa.

6. Ulichelewa, ama uliongeza chumvi

Ukiibiwa, nenda kituo cha polisi mara moja, chukua namba ya OB na baadaye abstract. Ijulishe kampuni siku hiyo hiyo, kwa SMS ama barua pepe inayobaki na tarehe. Stima ikichoma friji, usiitupe wala kuitengeneza kabla mkaguzi hajaiona. Na usiongeze vitu ambavyo hukuwa navyo: uongo wa kitu kimoja unaweza kuua dai lote.

Dai likikataliwa

Usiishie hapo. Omba sababu kwa maandishi, na kipengele cha mkataba walichotumia. Usiporidhika, lalamika kwa kampuni kwa barua, kisha upeleke malalamiko IRA pamoja na nakala za kila kitu. Sheria ya Bima inataka dai lisilo na ubishi lilipwe ndani ya siku 90 tangu liripotiwe, kwa hivyo tunza tarehe uliyoripoti.

Jihadhari pia na matapeli wanaopiga simu wakidai fidia yako iko tayari, utume tu "ada ya faili". Kampuni ya bima haihitaji namba yako ya siri ili ikulipe. Kata simu, kisha uwapigie kwa namba iliyo kwenye mkataba wako.

Jioni ya leo, tenga dakika 20. Tafuta SMS ya malipo ya mwisho, soma ukurasa wa mambo yasiyolipwa, piga picha za vyumba vyako.